Maabara ya mwaka wa kwanza: Deni la sekondari linalolipwa chuo kikuu

MWANAFUNZI mwenye cheti kizuri cha kidato cha sita anaingia katika maabara ya baiolojia ya chuo kikuu kwa mara ya kwanza. Amevaa koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Mezani kuna hadubini, kipande cha kitunguu maji, slaidi na kichupa cha iodini. Anatakiwa abandue utando mwembamba wa kitunguu, aulaze juu ya kioo bila kuukunja, audondoshee rangi, aufunike pasipo kuacha mapovu ya hewa, kisha autafute kwa lenzi mpaka aone seli zilizopangika kama matofali ya ukuta.

Kwa maandishi, zoezi hilo anaweza kulieleza kurasa tatu bila kukosea. Mchoro wa hadubini na majina ya sehemu zake zote anavijua tangu alipokuwa mtoto wa kidato cha kwanza. Tatizo lake ni moja tu: chombo chenyewe hajapata kukishika, ama alikishika mara moja, siku ambayo wenzake 20 walikuwa wamejipanga nyuma yake wakisubiri zamu.

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofungua milango yao kati ya Oktoba na Novemba, wapo wanafunzi wengi wa namna hii wanaoanza masomo ya sayansi nchini. Mijadala ya msimu huo huwa ni ile ile. Nani kapata mkopo na nani kakosa, hosteli zimejaa, fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita "bumu", zimechelewa. Ni mijadala ya msingi na haina ubaya. Lakini kuna jambo jingine ambalo halipigiwi kelele, nalo hutokea ndani ya vyumba vyenye harufu ya kemikali, kwa saa tatu hivi kwa wiki. Humo ndimo vyuo hulipa deni ambalo shule za sekondari zimelilimbikiza kwa miaka mingi.

Ili kulielewa deni hilo, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na fani moja tu, sheria. Sheria haihitaji maabara, inahitaji vitabu na mahali pa kukaa, na wakati huo chuo kilijihifadhi katika jengo la chama cha TANU mjini. Kitivo cha Sayansi kilianza mwaka 1965, chuo kikiwa kimekwisha kuhamia Mlimani. Kwa miongo mingi baada ya hapo, wanafunzi wa sayansi waliofika Mlimani walikuwa wachache, na wengi wao walitoka katika shule chache kongwe za serikali na za mashirika ya dini ambazo zilikuwa na maabara zenye mabomba ya maji, gesi na fundi wa kuzitunza. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza aliweza kudhani, bila kukosea sana, kuwa kijana aliye mbele yake amekwisha kumpasua chura na kuhesabu vyumba vya moyo wake.

Dhana hiyo ilipoteza msingi wake kuanzia mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES). Shule za sekondari nchini zilikuwa karibu 1,300 mwaka huo. Kufikia mwaka 2009 zilikuwa zimezidi 4,000. Nyingi ya zilizoongezeka ni shule za kata, zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na ruzuku ya serikali. Hapana mwenye haki ya kuzibeza shule hizo, maana bila ya hizo mamia ya maelfu ya watoto wa wakulima na wachuuzi wangeishia darasa la saba. Hata hivyo zilianza na vyumba vya madarasa. Maabara ziliahidiwa baadaye.

Wakati huo huo, baiolojia ilikuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi hadi kidato cha nne. Ikabidi somo la kuona na kugusa lifundishwe kwa chaki. Mwalimu alichora mirija ya majaribio ubaoni, akaandika pembeni rangi inayotarajiwa kutokea, na wanafunzi wakanakili. Mfumo wa mitihani nao ulikubaliana na hali hiyo kwa miaka kadhaa: uliwekwa mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtahiniwa alisimuliwa jaribio kwa maandishi naye akajibu kwa maandishi. Mtahiniwa aliweza kupata alama nzuri katika mtihani ulioitwa wa vitendo bila ya kutenda lolote.

Ilikuwa ni suluhu ya muda, na kama suluhu nyingi za muda, ilizaa mazoea. Mtihani mbadala unaweza kufutwa kwa waraka mmoja. Namna ya kusoma iliyojengeka kwa ajili yake hudumu katika daftari zinazorithishwa kutoka kaka kwenda kwa mdogo wake, na katika vichwa vya walimu waliopita njia hiyo hiyo.

Rangi zinazojulikana kabla ya jaribio

Mfano mwepesi ni majaribio ya virutubisho vya chakula, ambayo kila aliyepita sekondari anayakumbuka. Iodini ikidondoshewa kwenye wanga hugeuka kuwa bluu iliyokolea karibu na weusi. Kimiminika cha Benedict kikichemshwa pamoja na sukari rahisi kama ile ya glukosi huanza kuwa kijani, kisha njano, kisha rangi ya chungwa, na mwisho nyekundu ya tofali. Protini hutambuliwa kwa sodiamu haidroksaidi na salfeti ya shaba, na rangi yake ni zambarau. Mafuta hutafutwa kwa Sudan III.

Mwanafunzi aliyekariri anajua kuwa sukari ni "nyekundu ya tofali". Siku ya siku anawekewa myeyusho wenye sukari kidogo, anauchemsha, na unaishia kijani. Hapo ndipo penye mtihani wa kweli. Kijani si kosa, ni taarifa kwamba sukari ipo lakini ni haba. Aliyezoea maabara ataandika kijani na kueleza sababu. Aliyesomea ubaoni atatazama mrija wake, atatazama wa jirani, ataona aibu, kisha ataandika nyekundu ya tofali, kwa kuwa ndivyo daftari lilivyosema.

Wanafunzi wenyewe wana jina la kitendo hicho. Wanakiita "kupika data". Jina hilo hutamkwa kwa utani mabwenini, na ni haki kusema kuwa wengi wanaopika si wezi. Wanapika kwa sababu katika miaka sita ya sekondari walifundishwa kuwa jibu hutangulia na jaribio hufuata kama sherehe ya kulithibitisha. Kazi ya kwanza ya kozi ya utangulizi ya baiolojia, kabla hata ya seli na vinasaba, ni kuligeuza wazo hilo juu chini.

Na hii si anasa ya wasomi. Nchi hii hupima malaria kwa namna mbili, kwa kipimo cha haraka na kwa hadubini. Anayetumia hadubini huchukua tone la damu, hulitia rangi ya Giemsa, huweka mafuta juu ya slaidi na kuiangalia kwa lenzi inayokuza kitu mara 1,000. Anatafuta vimelea ambavyo huenda vikawa vichache mno, na ni lazima avuke eneo moja la slaidi hadi jingine kwa subira kabla ya kuandika kuwa hakuna. Mtaalamu aliyejizoesha kuandika kile kinachotarajiwa badala ya kile alichokiona atamuandikia mtoto wa mtu dawa asiyoihitaji, au atamrudisha nyumbani bila dawa anayoihitaji. Wengi wanaoketi kwenye viti hivyo vya hospitali walianzia kwenye kitunguu maji.

Hesabu ya mikono

Kwa kawaida muda wa maabara katika kozi za mwaka wa kwanza ni kipindi kirefu kimoja kwa wiki. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kozi yenye wiki 12 za vitendo za saa tatu tatu. Jumla ni saa 36 kwa muhula. Ikiwa kila wanafunzi wawili wana hadubini moja, na wakapokezana kwa haki, kila mmoja atakuwa na saa 18 za kukaa mbele ya lenzi. Wakiwa wanne kwa hadubini moja, zinabaki saa tisa. Wakiwa wanane, ni saa nne na nusu kwa muhula mzima, ambazo hazifiki hata siku moja ya kazi ya karani wa ofisini.

Hiyo ni hesabu ya wenye kupokezana kwa haki, jambo ambalo ni nadra. Katika kila kundi hutokea mmoja aliyetoka shule yenye maabara nzuri. Huyo hukishika chombo tangu dakika ya kwanza, tena mara nyingi kwa kuombwa na wenzake, kwa kuwa muda unakwenda na ripoti inatakiwa. Wa pili husoma maelekezo kwa sauti. Wa tatu, na mara nyingi huyu ni msichana mwenye mwandiko mzuri, huandika. Wa nne hutazama. Siku hizi wapo pia wanaoegesha simu kwenye lenzi na kupiga picha moja, ambayo husambazwa kwa kundi zima usiku ule ule, na michoro 40 inayokusanywa asubuhi huwa na povu moja la hewa lililo mahali pale pale.

Kwa hiyo pengo ambalo kozi ilikusudiwa kuliziba huweza kupanuliwa na kozi yenyewe. Aliyejua atajua zaidi. Asiyejua atapata alama za kundi, na atavuka.

Ni rahisi kulaumu vyuo kwa kudahili wengi kuliko vifaa vilivyopo, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini anayelaumu ajibu pia swali la pili: wangepunguzwa wangapi, na wangekwenda wapi? Taifa linalia upungufu wa walimu wa sayansi tangu shule za kata zilipoanza. Mwaka 2005 serikali ilianzisha vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam, pale Chang'ombe, na Mkwawa mjini Iringa, kwa kugeuza kilichokuwa chuo cha ualimu na kilichokuwa shule ya sekondari. Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata mwaka 2007. Mwaka 2014 Dodoma kikaanza stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati kwa vijana waliomaliza kidato cha nne, ili kuharakisha mambo. Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo walirudishwa makwao, kukiwa na mgogoro wa ufundishaji na malumbano kuhusu sifa zao, na baadaye wengi wa waliokidhi vigezo wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Huo ndio uzito wa haja ya walimu wa sayansi: hata njia ya mkato ilijaribiwa, ikakwama.

Mzunguko wenyewe ni huu. Kijana anasoma baiolojia kwa chaki, anafaulu, anaingia shahada ya sayansi na ualimu, anapita maabara ya mwaka wa kwanza akiwa mtazamaji wa nne katika kundi la wanne, anahitimu, anapangiwa shule ya kata. Huko anakuta kabati lenye hadubini mbili zilizofungwa kwenye nailoni. Anazitazama kwa heshima, anafunga kabati, anachukua chaki.

Majengo yametangulia

Haitakuwa haki kusema kuwa serikali ililala. Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na akatoa miaka miwili. Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka michango ya mwaka 2014, watendaji wa kata wakipita nyumba hadi nyumba, wakurugenzi wa halmashauri wakihesabu siku, na ugomvi uliozuka pale mchango wa hiari ulipogeuka kuwa wa lazima. Muda ulipofika, majengo mengi yalikuwa yameishia kwenye linta, ukaongezwa hadi Juni 2015. Neno "maboma" likapata umaarufu ambao halikuwa nao hata zama za Wajerumani. Kwa miaka iliyofuata bajeti za serikali zimekuwa na mafungu ya kuyakamilisha.

Juhudi nyingine kubwa zimefuata. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola 500 milioni kwa ajili ya mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, Sequip, unaohusisha pia shule za wasichana za sayansi za mikoa. Mwaka 2021 ikaidhinisha Dola 425 milioni kwa mradi wa mageuzi ya elimu ya juu, HEET, ambao sehemu yake inajenga na kuzipatia vifaa maabara za vyuo vikuu vya umma. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, umetilia mkazo umahiri na vitendo.

Yote hayo ni mema. Hata hivyo, ukilitazama orodha hiyo kwa makini utaona kuwa kinachofunguliwa kwa utepe na mkasi ni jengo. Kemikali haifunguliwi kwa utepe. Kemikali huisha, humwagika, huharibika, na mwaka ujao hutakiwa tena. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya sekondari ilikuwa Sh25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake ilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Sh12,500 zilizofika shuleni zilipaswa kununua chaki, karatasi za mitihani, umeme, ukarabati na, kikibaki kitu, iodini. Mkuu wa shule aliyeambiwa achague kati ya karatasi za mtihani wa muhula na chupa ya Benedict alichagua karatasi, na hapana wa kumlaumu.

Yuko pia mtu ambaye jina lake halitajwi kwenye hotuba. Ni fundi sanifu wa maabara. Vyuoni huyu ndiye anayefika saa moja asubuhi kuchanganya myeyusho, kuhesabu slaidi, kuchaji betri, kubadilisha taa ya hadubini iliyoungua, kuwatafuta vyura na mende, na kuosha vyombo vya kundi la kwanza kabla ya kundi la pili kuingia. Mwalimu mzuri asiye na fundi atatumia saa yake ya kwanza kati ya tatu kutafuta maji. Katika shule za kata fundi huyo ni nadra zaidi, ingawa matangazo ya ajira ya Tamisemi yamekuwa yakiitaja nafasi yake pembeni ya zile za walimu. Maabara isiyo na fundi huwa stoo ndani ya miaka michache. Anayebisha atembelee shule tatu zozote za pembezoni na aulize ufunguo wa maabara anao nani.

Kuna jambo la lugha pia, ambalo linafaa kuguswa kwa ufupi. Maelekezo ya maabara huandikwa kwa Kiingereza, mazungumzo ya mezani huendeshwa kwa Kiswahili, na majina ya viumbe ni ya Kilatini. Mwanafunzi anayehangaika na lugha husoma hatua ya nne akiwa bado hajaielewa ya pili, na slaidi yake inakauka. Si kwamba istilahi za Kiswahili hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya baiolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na maneno kama usanisinuru yamekaa vitabuni muda wote huo yakisubiri wa kuyatumia. Hata hadubini yenyewe bado wengi, wakiwamo waandishi wa habari, huiita darubini, ambayo ni ya kutazamia vitu vya mbali. Fundi anayeruhusiwa kueleza kwa Kiswahili namna ya kushusha lenzi taratibu huokoa slaidi nyingi kuliko karatasi yenye hatua 12.

Kinachowezekana kwa vifaa vilivyopo

Wapo wanaoamini kuwa kompyuta itamaliza tatizo. Picha na maabara za kuigiza kwenye skrini zina faida zake, hasa kabla ya kipindi, ili mwanafunzi asiingie akiwa mgeni kabisa. Lakini Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa corona hadi Juni Mosi, mihadhara iliweza angalau kutumwa kwa simu. Utando wa kitunguu haukutumwa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya kufundisha walio mbali, nacho hakikuweza kulikwepa jambo hilo, maana wanafunzi wake wa sayansi ni lazima wasafiri na kukutana katika vipindi maalumu vya maabara.

Hadubini za bei nafuu ni habari nyingine. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza hadubini ya karatasi inayokunjwa, iitwayo Foldscope, ambayo vipande vyake viligharimu chini ya dola moja. Haiwezi kuchukua nafasi ya chombo cha chuo, wala haikukusudiwa hivyo. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeona seli ya kitunguu kwa karatasi hiyo, kwa mkono wake, akiwa chini ya mwembe, atafika chuoni akiwa amevuka hatua ambayo mwenzake mwenye alama A hajaivuka. Shule nyingi pia zina hadubini za kioo ambazo hazihitaji umeme, hutumia mwanga wa jua wa dirishani. Tatizo la hizo si umeme. Tatizo lake ni ule ufunguo.

Kwa upande wa vyuo, mambo mawili hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. La kwanza ni wiki mbili za mwanzo. Kozi nyingi za utangulizi huanza kama vile kila mtu alitoka shule moja. Kuwapima wanafunzi siku ya kwanza, si kwa kalamu bali kwa kuwakabidhi chombo, kungeonyesha nani anaanzia wapi, na makundi yakapangwa kwa namna ambayo wasiojua wanakaa pamoja na fundi badala ya kukaa nyuma ya anayejua. Inauma kidogo, na wapo watakaosema ni kuwadhalilisha. Udhalili mkubwa zaidi ni kuhitimu hivyo hivyo.

La pili ni namna ya kutahini. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kawaida, alama za kazi za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Ripoti za maabara zinaingia kwenye zile 40, na ripoti, kama ilivyoelezwa, huweza kuandikwa na mtu aliyekuwa wa nne katika kundi. Mwanafunzi anayehofia "kusapu", yaani kurudia mtihani, au "kudisko", yaani kufukuzwa kwa kushindwa masomo, atatafuta alama mahali zinapopatikana kwa wepesi. Zikipatikana kwa ripoti ya kunakili, atanakili. Zikipatikana kwa mikono, ataitafuta hadubini hata Jumamosi.

Mtihani wa vituo si jambo geni katika vyuo vyetu, hasa vya tiba. Vifaa hupangwa mezani kwa mzunguko, kengele hupigwa kila baada ya dakika chache, na kila mwanafunzi husogea peke yake kutoka kituo hadi kituo. Kituo kimoja kina slaidi ambayo haijarekebishwa, cha pili kina mrija ulioishia kijani, cha tatu kina mdudu asiye na jina. Unachukua nafasi kubwa kuuandaa na unamchosha fundi. Kwa darasa la mamia unaweza kumaliza siku mbili nzima, na wahadhiri wenye kozi nne kwa muhula wana sababu ya kuuogopa. Lakini pale mezani hapana mwenzake wa kumzungushia lenzi, na kengele haijui alitoka shule gani.